Anayekwenda Majini Haulizwi Jina

Hakuna njia ya wastani. Aliyeandika maneno hayo kwenye ubao wa kijani pale getini, "Njia ya Wastani Kuelekea Maporomokoni", alikuwa ama mwongo ama mtu ambaye hajabeba kitu tangu azaliwe. Njia ni nyepesi kwa mikono mitupu na ni ngumu kwa mwenye mzigo, basi huo wastani umesimama katikati ya nani na nani? Nani aliyapima magoti ya watu, akajumlisha, akagawa, akapata goti moja la wote? Mwamvua aliusoma ubao, akausoma tena, na kila alipousoma nyongo ilimpanda. Mama yake aliipanda njia hii maisha yake yote, na mtungi kichwani, na mimba tumboni, na homa mwilini, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni ya wastani.

Wala msimwambie atulie. Ninyi wasomaji mna tabia hiyo, mkiona mwanamke amekunja uso ukurasa wa kwanza mnataka aukunjue kabla hamjafunga kitabu. Sura hii si ya kutuliza mtu. Mwamvua alikuja amekasirika, tutamwacha amekasirika, na kilichomleta ni kiu.

Kiu yenyewe ilianza siku waliyomzika mama yake, Mwanahamisi. Waliporudi kutoka makaburini Mwamvua alichota maji mtungini akanywa, akachota tena, akanywa mpaka tumbo likajaa ndi, na kinywa chake kikabaki kikavu kana kwamba ameramba unga. Tangu hapo alikunywa ya kisima, akakinga ya mvua, akanywa uji, akanywa chai ya moto, na vyote vilipita ndani yake bila kugusa pale palipokuwa pakiungua. Shangazi zake hawakushangaa. "Hiyo kiu si yako, mwanetu," walimwambia. "Ni ya mama yako. Peleka kata yake."

Kwa watu wa msitu ule, mtoto wa kike hupewa kata siku ya kwanza anapokwenda majini, kibuyu kidogo kilichokatwa ubavu, na hukaa nayo mpaka afe. Akifa, binti yake huipandisha maporomokoni na kuitupa ndani ya maji yanayoanguka. Si ndani ya maji yaliyotulia, maana yaliyotulia hayaendi popote. Yanayoanguka huipokea, marehemu hunywa, na aliye hai hupumua. Kata isipofika, marehemu hana pa kuiweka kiu yake isipokuwa kwa mwanawe. Ndiyo maana Mwamvua alikuwa ameifunga kata ya mama yake kiunoni kwa kanga, akaja mpaka kwenye geti ambalo mama yake hakulikuta alipozaliwa.

"Jina?" aliuliza mlinzi.

Mwamvua alimkazia macho. Katika msitu huu anayekwenda majini haulizwi jina. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, ya zamani kuliko miti yenyewe, kwa sababu kiu haina ukoo. Hata adui akipita na mtungi unampisha njia, humwulizi ametoka wapi wala ni mtoto wa nani. Utamwuliza akirudi, akiwa ameshakunywa, kama bado una haja ya kujua. Watu waliishi hivyo vizazi na vizazi na hakuna aliyekufa kiu kwa kukosa jina.

"Nakwenda majini," alisema.

"Kila anayepita hapa anakwenda majini, dada. Nataka jina lako, na uniambie wewe ni mgeni au mfanyakazi."

"Mimi ni mwenyeji."

Mlinzi alikuna shavu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma Mwamvua zaidi, kwamba mbaya hakuwepo pale wa kumtemea mate. "Mwenyeji hayumo daftarini," alisema mlinzi. "Wamo hao wawili tu. Ningekuwekea mimi wa tatu ningemtoa wapi?"

Hapo ndipo alipotokea Hoza, mjomba wake Mwamvua, mdogo wa marehemu. Alikuwa amevaa shati la kijani lenye tone la maji lililodariziwa kifuani, na kipenga kikining'inia shingoni kwa kamba nyekundu. Nyuma yake walikuja wageni wa siku ile, wanaume kwa wanawake, buti mpya, fimbo za kutembelea mikononi, wakicheka na kupuliziana dawa ya mbu.

"Huyu yuko nami," Hoza alimwambia mlinzi. "Mbebaji. Anaitwa Mwanahamisi."

"Mjomba," alisema Mwamvua, "hilo ni jina la mama."

Hoza alimtazama, midomo ikamcheza. "Nimesema hivyo?" Akapangusa uso kwa kiganja. "Basi limeshatoka. Pita, mama. Pita kabla hajabadili mawazo." Akamtwika begi la mgongoni la mgeni mmoja, na kwa jina la marehemu na mzigo wa mtu asiyemjua, Mwamvua akaingia msituni kwao.

Ndani ya msitu muda ulikuwa haufuatani. Kona moja ilikuwa asubuhi, umande bado uko juu ya majani, kona ya pili kivuli cha alasiri kimeshalala njiani, ya tatu asubuhi tena na ndege walewale wakianza upya wimbo uleule. Wageni hawakuona, walikuwa wakitazama miguu yao. Mwamvua aliona. Aliona pia nyayo kwenye tope, nyayo za mtu pekupeku zikipanda, mbichi, kidole kidogo kimekaa kando kidogo ya vingine. Aliweka mguu wake juu ya unyayo mmoja na ukaenea sawasawa. Alipoinua mguu hakujua tena ni upi uliotangulia kukanyaga pale.

Na mikanda ya begi ilipomkaa mabegani, ikaingia katika makovu ambayo hakuwa nayo jana. Shingo ikajua namna ya kujikaza. Kifua kikajua wapi pa kuvuta pumzi na wapi pa kuiweka akiba. Mwili wake ulikuwa ukiipanda njia ile kwa kumbukumbu za mtu mwingine, na sauti ikaanza kusema ndani ya kichwa chake, kwa vipande, jinsi mtu anavyosema huku anapanda.

Nina kiu. Nani amekaa juu ya mto? Penye jiwe hili ulinipiga teke, ulikuwa bado tumboni, nikacheka peke yangu msituni. Nilipita hapa sijakuzaa na ulikuwa umeshanizika. Nina kiu. Usiniletee maneno, niletee maji. Mbona kimya? Mbona mlima umenyamaza?

Mlima kweli ulikuwa umenyamaza. Mwamvua alisimama akategesha sikio. Alisikia wageni wakihema, alisikia tawi likikatika mahali, alisikia nyuki. Hakusikia maji.

"Mjomba, mbona siyasikii?"

"Utayasikia," alisema Hoza bila kugeuka.

"Zamani yalisikika tangu kule chini penye geti."

"Zamani hapakuwa na geti."

Alisema hivyo huku akiinama kuondoa upupu uliokuwa umelalia njia, ili usiwawashe wageni. Mwamvua aliutazama mgongo ule ulioinama. Alikuwa ameisikia habari ya mgongo ule tangu utotoni, kwa vipande, jikoni, wanawake wakidhani amelala. Kabla hajazaliwa, alikuja mtu. Viatu vyake vilikuwa safi, na hilo lingetosha kumtilia shaka, kwani nani hupita msituni akabaki na viatu safi? Alisema tu, "Nakwenda majini." Hakuulizwa jina. Hoza, kijana wa wakati huo, alimtangulia, akamwondolea miiba, akamshika mkono penye utelezi. Kule juu Mwanahamisi alikuwa akichota. Alimpa yule mtu maji kwa kata hiihii. Yule mtu akanywa, akapangusa mdomo, akaurudisha kichwa nyuma akayatazama maporomoko kuanzia juu hadi chini jinsi mnunuzi anavyomtazama mbuzi mnadani. Kisha akashuka. Aliporudi, alirudi na waya wa uzio.

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Tuliimba hivyo, tukafagia uwanja, na hatukumwuliza mtu mgeni anaponya ugonjwa gani. Wenye akili walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tulimpa maji tena, na ya nne tukampa kivuli, na alipomaliza kunywa na kupumzika yeye ndiye aliyetupa sisi jembe. Nani wa kulaumiwa? Mila ilikuwa nzuri. Ni ukarimu mtupu, hauna doa. Lakini kitu kizuri kikikaa bila mlango kitaingiwa na kila kitu, na mimi ninayewasimulia nimechoka kusikia watu wakisifu ukarimu wa wale waliokwisha kunyang'anywa. Atakayeniambia nipunguze ukali, kwanza aje atueleze alikunywa maji ya nani leo asubuhi.

"Ni wewe uliyemwongoza," alisema Mwamvua. Alikusudia kuyasema moyoni, yakatoka nje.

Hoza alisimama. Wageni waliwapita, mmoja akiuliza kama bado mbali, na Hoza akawatabasamia, akawaambia wamekaribia. Walipopita tabasamu lilimtoka.

"Ningefanyaje? Nilifundishwa haulizwi. Mama yangu alinifundisha, naye alifundishwa na mama yake. Ningemwuliza jina ningepigwa bakora mbele ya watu."

"Na sasa unawaulizia watu majina pale chini."

"Siulizi mimi. Anauliza mlinzi."

"Na wewe unafanya nini, mjomba?"

Hoza alikishika kipenga chake. "Mimi naongoza wageni," alisema, akaendelea kupanda.

Walifika. Mwamvua aliutambua uwazi ule kwa miguu kabla ya macho, ule ubaridi wa mawe, lile jabali refu lililosimama wima, na chini yake bwawa. Jabali lilikuwa kavu. Alama ya maji ilikuwepo, mstari mweusi kutoka kileleni hadi bwawani, mahali mto ulipoanguka tangu dunia iwe dunia, na ndani ya mstari ule hakukuwa na kitu ila kuvu lililosinyaa na mjusi. Wageni hawakushangaa. Walitafuta mahali pa kukaa, wakatoa simu, wakarekebisha kofia.

"Wabebaji nyuma ya miti, tafadhali," alisema Hoza, macho yake yakimkwepa Mwamvua. "Msionekane kwenye picha."

Kisha akaweka kipenga mdomoni akapuliza mara moja, kwa muda mrefu. Juu, nyuma ya kilele, chuma kilisagika. Na maji yakaja. Yalikuja kwanza membamba, yakapapasa jabali, halafu yakajaa, yakanguruma, yakaanguka meupe mpaka bwawani, na wageni wakapiga makofi. Walipiga makofi! Mtu amefungiwa chumbani, anafunguliwa acheze kidogo mbele ya wageni, arudishwe ndani, na watu wanapiga makofi. Mwamvua alisimama nyuma ya mti. Alikuwa amelia makaburini, lakini kilio kile kilikuwa cha huzuni. Hiki kilichomjaa sasa hakikuwa na chozi hata moja.

Katikati ya wageni, juu ya jiwe lililotandikwa mkeka, palikuwa na mtu ambaye hakupanda nao. Alikuwa amekaa pale tangu mwanzo. Wote walimwita Bwana, wakimwinamia kidogo. Mwamvua hakuwahi kumwona maishani mwake, lakini macho aliyokuwa akitazamia wakati ule hayakuwa yake peke yake, na macho yale yalimjua. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Viatu vyake vilikuwa safi.

Alilitua begi la mgeni chini. Akafungua kanga, akaitoa kata, akatoka nyuma ya miti akakata katikati ya wageni kuelekea majini.

"Nani huyo?" alilalamika mmoja. "Mwambieni asogee, anaharibu picha."

Bwana aliinua kidole kimoja tu. Hoza alikitazama kidole, akamtazama mpwa wake aliyekuwa sasa ameshaingia bwawani, maji magotini, kata imeinuliwa. Mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka. Ukapeleka kipenga mdomoni, na pumzi zikatoka mara mbili, fupifupi.

Chuma kikasagika. Maji yakakonda, yakawa uzi, yakawa matone. Mwamvua aliunyosha mkono mpaka bega likamuuma, na tone la mwisho likapita pembeni ya kata likaangukia kifundo cha mkono wake. Halafu kimya.

"Hoza," alisema. "Mla ukoko wee."

Hoza alishtuka kama aliyepigwa kofi. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita hivyo, dada yake, aliyekuwa akimwachia ukoko wa wali chini ya sufuria watoto wengine wakishalala. Na sauti ile haikuwa ya Mwamvua.

"Dada?" alisema.

"Nilikuwa nakuachia ukoko, mimi nanywa maji nalala. Leo hata maji unanifungia?"

"Dada, mimi si mwenye maji..."

"Mwenye maji ni nani?"

Hoza alimwonyesha Bwana kwa kidevu, hakuthubutu kwa kidole. Mwamvua aligeuka, au Mwanahamisi aligeuka, kwa wakati ule tofauti haikuwa na maana. Alitoka bwawani akichuruzika, akasimama mbele ya mkeka. Alijua anachotaka kufanya na alijua ni haramu. Vizazi vyote vilivyowahi kupanda njia ile vilimshika ulimi. Akauvuta ulimi wake, akauliza.

"Wewe, jina lako nani?"

Wabebaji nyuma ya miti walifunika vinywa. Bwana alicheka kidogo, akawatazama watu wake.

"Huyu ni Mheshimiwa," alisema mgeni mmoja haraka.

"Hicho ni cheo."

"Ni Mkurugenzi wa msitu na maji yake."

"Hiyo ni kazi. Nimeuliza jina. Lile mama yako alilokuita akitaka uje kula."

Bwana alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alikifunga, akajipapasa mfuko wa koti, akajipapasa mwingine, na uso wake ukaanza kusawijika, kwa maana hakuna aliyewahi kumwuliza, na kwa kuwa hakuulizwa hakuwa amejisumbua kuwa nalo. Alikuwa amepita kila mlango wa dunia kwa ukarimu wa watu. Wageni walitazamana. Wakaanza, mmoja mmoja, kujisogeza mbali na mkeka.

"Hana," alisema Hoza. Alisema polepole, kisha kwa sauti, kisha kwa ukali ambao Mwamvua hakuwahi kuusikia kwake. "Hana! Nimemwondolea miiba mtu asiye na jina! Nimemfungia dada yangu maji kwa kidole cha mtu ambaye simjui wala simfahamu!"

Bwana aliinua kidole tena. Safari hii hakikuwa kimesimama imara, na Hoza hakukitazama. Alipuliza kipenga mara moja, kwa muda mrefu, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Chuma kikasagika. Maji yakarudi na ngurumo yake.

Mtu aliyefungua na kufunga maji kule nyuma ya kilele hakuwa na macho ya kuona huku. Alikuwa na masikio tu, na masikio yake yalijua kipenga kimoja. Hoza aliliwaza hilo, akaivua kamba nyekundu shingoni, akaingia majini na viatu vyake vya kazi, na akaweka kipenga ndani ya kata ya dada yake.

"Tupa, mwanangu," alisema.

Mwamvua akatupa. Kata ilipinduka hewani mara moja, maji yanayoanguka yakaipokea, na haikuonekana tena, yenyewe wala kipenga.

Bwawa likaanza kupanda. Lilikuwa limekaa tupu miaka mingi likisahau ukubwa wake, na sasa lilikumbuka. Liliulowesha mkeka, likaingia ndani ya viatu vilivyokuwa safi, na wageni wakaokota fimbo zao wakakimbilia njiani, ile ya wastani, wakisukumana na kuteleza. Bwana alibaki nyuma akijipapasa mifuko.

Mwamvua aliinama akakinga maji kwa viganja akanywa. Yalifika. Yalishuka mpaka pale palipokuwa pakiungua, na ndani ya kichwa chake mtu alimeza, akashusha pumzi, akanyamaza. Makovu ya mabega yakafutika. Alikuwa Mwamvua peke yake, mwenye umri wake na miguu yake.

Kiu ilikuwa imekwisha. Hasira ilikuwepo palepale, nzima, haijapungua hata tembe, na alipoichungulia moyoni aliona kwamba hataki iondoke. Mama yake alikuwa amempa maji mtu asiyemjua, naye mwenyewe akafa na kiu. Hilo halisafishwi na maji.

"Tushuke nyumbani," alisema Hoza, akitetemeka kwa baridi.

"Wewe shuka, mjomba. Wapishe nyuki njia, wapishe nyani, wapishe wenye mitungi."

Mwamvua alikwenda kusimama chini kidogo ya bwawa, mahali njia ilipobanwa na mawe mawili, asiweze kupita ila mtu mmoja mmoja. Wabebaji walipita wa kwanza, wakimshika mkono, na kila mmoja alijitaja bila kuulizwa. Nyuma yao, kwa mwendo wa mtu anayetembea juu ya miiba kwa mara ya kwanza, alikuja Bwana, viatu mkononi. Mwamvua akakaa juu ya jiwe, akanyosha mguu ukaziba njia, akangoja afike.